Barabara Aliyoipima

Rafiki yangu alistaafu mwezi wa sita. Mwezi wa saba akaja karakanani kwangu na kofia mbili za pikipiki, moja yake ya siku zote, nyingine mpya, bado ina nailoni yake. Ile mpya akaiweka juu ya kochi nililokuwa nalivika kitambaa, akakaa kwenye mkono wa kochi hilohilo, ingawa nimemkataza miaka ishirini asikae hapo, akaniambia tunasafiri.

Watu wote wanamwita Vipimo. Alikuwa mpima barabara, na kazi hiyo ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akija kula kwako atakuambia meza yako imeinama upande wa dirisha, na ukiweka yai juu yake, kweli linabingirika kwenda dirishani. Mimi ni fundi wa makochi. Tangu ujana naitwa Sponji, na kadiri tumbo linavyokua jina linazidi kunikaa.

Alichotaka ni kwenda kuona barabara ya milimani, kilomita elfu moja na mia mbili kutoka kwetu. Alipokuwa na miaka ishirini na saba aliishi huko kwenye hema kwa miaka mitatu, na ile darubini yake ya miguu mitatu, akipima mahali barabara itakapopita. Kabla lami haijamwagwa wakamhamishia mradi mwingine, kisha mwingine, kisha akaoa, na maisha yakaenda. Hajawahi kuiona imekamilika.

"Ni kama kukata suti ya mtu," aliniambia, "halafu unaondoka kabla hajaivaa. Hujui kama ilimkaa."

Alijua lugha ya kitambaa ndiyo ninayoielewa.

Pikipiki ninayo, lakini ni ya kazi. Inabeba majora ya vitambaa kutoka dukani na kurudi. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kumpelekea mama mkwe godoro, na hata hiyo nilipumzika mara mbili njiani. Nikamwambia Vipimo nitamuuliza mke wangu, nikiwa na hakika kwamba mke wangu atanikatalia na mimi nitabaki na heshima yangu. Kumbe nilikuwa kama mtu aliyeegemea mlango usiofungwa.

"Umetengeneza viti vya watu maisha yako yote," mke wangu alisema. "Nenda na wewe ukakalie kitu kinachosogea."

Basi nikajiandaa. Nilishona mifuko minne ya turubai ya kufunga pembeni mwa pikipiki, na mishono yake niliipaka nta maji yasipenye. Siti yangu niliivua nikaijenga upya, sponji ngumu chini, laini juu, pana kuanzia mbele mpaka nyuma. Vipimo aliizunguka akasema nimeweka sebule juu ya magurudumu. Ya kwake alikataa nisiiguse.

Asubuhi ya kuondoka, mke wake alinivuta pembeni ya geti. Huyu namwita shemeji, ni mtu wa maneno machache. Alijifanya anakaza mkanda wa mfuko wangu ambao tayari ulikuwa umekazwa, akaniambia, "Shemeji, mwangalie huyu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nilidhani ni maneno ambayo kila mke husema.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za kujifunza. Nilijifunza kwamba makalio ni kiungo chenye kumbukumbu. Nilijifunza kula mchana kidogo ili usingizi usinijie barabarani, na kutomfuata mtu aliyenipita kwa hasira. Vipimo alinifundisha kuangalia mbali, kule ninakotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho. Nilipoangalia shimo, niliingia shimoni. Nilipoliacha shimo na mambo yake, nilipita salama.

Kitu kimoja kilinishangaza. Yeye aliyezoea barabara ndiye aliyetaka mimi nitangulie. "Wewe tangulia, nitakuwa nyuma yako," alisema kila asubuhi, na mimi nilijisikia mkubwa. Nikaona rafiki yangu ananipa heshima, au ananilinda kama mzazi anavyomwacha mtoto atembee mbele amwone. Pia ilipofika saa kumi jioni, hata kama jua lilikuwa bado kali, alitaka tutafute chumba. Nikasema ni umri.

Tulikuwa tunalala kwenye nyumba za wageni za vyumba vidogo, vitanda viwili na ndoo moja. Kabla ya kuvua viatu Vipimo alikuwa akikunja boksi kuweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa mfupi. Ameacha vipande vya boksi chini ya vitanda vya njia nzima. Na mimi, ambaye kwa miaka thelathini nimeiona dunia kupitia mlango wa karakana, nilikuwa nakaa nje nikitazama watu wa mji nisioujua wanafunga maduka yao, na nilijikuta nimefurahi bila sababu ninayoweza kuitaja.

Siku ya nne tulipita katika mji mdogo, maduka pande zote mbili za barabara. Mbele yangu kushoto kulikuwa na mwuza mikate kwenye baiskeli, kreti imefungwa nyuma, anapanda kilima kidogo polepole. Nilimwachia nafasi, nikampita. Kisha nikasikia nyuma yangu mlio wa chuma kukwaruza chuma, na watu wakapiga kelele.

Niligeuza. Mikate ilikuwa imetapakaa barabarani katika nailoni zake. Yule mwuza mikate alikuwa amekaa mtaroni akiangalia kiwiko chake kilichochubuka. Baiskeli ilikuwa imelala, gurudumu la nyuma limepinda kama chapati iliyoungua upande mmoja. Vipimo alikuwa amesimama katikati ya barabara, kofia mkononi, anageuza kichwa huku na huku.

"Yuko wapi?" aliniuliza. "Niambie, yuko wapi?"

Mtu mwenyewe alikuwa hatua mbili kushoto kwake.

Pale pale nikaelewa, ingawa kichwa kilikuwa bado kinakataa. Nilimshika bega nikamgeuza, na alipomwona yule mtu ameketi mzima, alichuchumaa mtaroni karibu naye akamwomba radhi mara nyingi mpaka yule mtu akamwambia basi, mzee wangu, inatosha, mimi sijafa.

Kilichomtia mwuza mikate uchungu si kiwiko. Ni kwamba amechelewa. Kulikuwa na shule inasubiri, na zahanati, na mama mwenye kibanda cha chai ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa hatari kuliko ajali. Mikate mingi ilikuwa salama kwenye nailoni. Baiskeli ndiyo haikuweza kwenda. Basi tulimpeleka Vipimo na baiskeli kwa fundi wa baiskeli aliyekuwa hapo karibu, nikamkalisha mwuza mikate nyuma yangu na kreti yake, tukaenda kugawa mikate.

Tulipita milango kumi na moja. Kila mlango alisimulia ajali, na kila mlango ajali ilikua. Shuleni alikuwa ameguswa. Zahanati alikuwa amerushwa mtaroni. Kwa mama wa chai alikuwa ameruka juu ya ukuta akaangukia miguu yake kama paka, na mama wa chai akamwuliza kama mikate nayo ilijua kuruka. Nilicheka, na huku nacheka nilikuwa nimejaa hasira, maana nilikuwa najua ninachorudi kukikuta.

Vipimo alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, ufunguo wa pikipiki yake uko kwenye kiganja kilichofunguliwa.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Mwaka na nusu."

Akanieleza bila kuficha. Ni presha ya macho. Haiumi. Inakula kuanzia pembeni, polepole, mpaka mtu anakuwa kama anachungulia ndani ya bomba. Mbele anaona vizuri, pembeni hakuna kitu. Daktari alimwambia aache pikipiki, na alimwambia upo upasuaji ambao hauwezi kurudisha kilichopotea ila unaweza kukilinda kilichobaki. Ameukwepa mwaka mzima kwa sababu anaogopa wakimshika macho atapoteza hata hilo bomba kabla hajaiona barabara yake. Ndiyo maana alitaka nitangulie. Siku nne alikuwa anafuata taa yangu nyekundu ya nyuma.

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia angemuua mtu mwenye watoto kwa ajili ya barabara ambayo haina hata habari naye. Nilimwambia kama angenieleza ukweli ningembeba mgongoni. Alinisubiri nimalize, kisha akanisogezea kiganja.

"Chukua ufunguo," alisema, "kabla moyo haujanigeuka."

Nikauchukua. Fundi wa baiskeli, mtu mwenye adabu, aliendelea kunyoosha gurudumu kana kwamba hajasikia lolote.

Nilishaamua tunarudi. Vipimo naye alikubali, atapanda basi, na pikipiki yake tutafute pa kuiacha. Tulimwuliza mwuza mikate kama anajua mahali salama. Akasema kuna stoo yake ya unga, inafungwa kwa kufuli mbili. Halafu akaniangalia, akaiangalia siti yangu aliyokuwa ameikalia asubuhi nzima.

"Mnarudi kwa nini?" aliuliza. "Kwani hiki kiti cha nyuma mmeshampa mtu?"

Mimi fundi wa viti, sikuwa nimeliona hilo.

Nilimpigia simu shemeji. Aliniambia alikuwa anajua, na kwamba pale getini maneno yalimkwama. Aliuliza mara mbili kama ni kweli ufunguo uko kwangu. Akasema kama mume wake atakaa nyuma, twende tumalize, lakini akirudi anakwenda kupasuliwa macho bila hadithi nyingine. Nikampa Vipimo simu. Sikusikia alichoambiwa, nilimsikia tu akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo mama, kama mtu anayesainishwa karatasi ukurasa baada ya ukurasa.

Pikipiki yake tukaifungia kwenye stoo ya unga, na kilomita mia tano zilizobaki tulikwenda watu wazima wawili wanene juu ya pikipiki moja. Kwenye vilima ilikuwa inalia kama inaonewa. Siku ya kwanza hatukuongea sana, maana nilikuwa bado nimenuna. Lakini kununa huku mtu amekushika kiuno ni kazi ngumu. Mchana wa siku ya pili nikaanza kumsimulia. Kushoto kuna shamba la alizeti. Kulia kuna mtu amebeba mlango kichwani. Kushoto tena, mlima uko kama kilomita moja. Akaniuliza kilomita moja kwa kipimo gani, nikamwambia kwa jicho, akasema jicho langu lisipewe kazi ya serikali. Hapo nikajua tumepatana.

Tulifika chini ya milima siku ya saba asubuhi. Kona ni arobaini na tatu kutoka chini hadi juu. Alizitaja kabla hatujaanza, kama mtu anavyotaja wajukuu. Kona za kwanza zilikuwa na jua, lami safi, nami nilikuwa najisikia dereva. Tulipofika ya kumi na mbili, ukungu ukashuka. Haukuja taratibu. Tulizunguka mwamba, na upande wa pili hakukuwa na dunia. Niliona tairi langu la mbele na labda hatua tatu za lami.

Nikapunguza mwendo nisimame. Vipimo akanigonga begani.

"Usisimame hapa. Hakuna pembeni. Lori likija nyuma halitatuona."

"Mimi sioni mbele."

"Najua. Na mimi sioni. Lakini hii njia naijua. Nenda mwendo wa mtu anayetembea. Kona ya ishirini ina uwanja mpana, tutaegesha hapo. Sasa nyoosha. Nyoosha. Inaanza kupinda kulia, polepole, ndefu."

Nikafanya alivyosema. Barabara ikapinda kulia, polepole, ndefu. Akaniambia kuna kalvati ya kupitisha maji chini ya lami, nikasikia matairi yakibadilisha sauti juu yake. Akaniambia hapa mwinuko unapungua, na injini ikapumua. Nimewahi kumwamini mtu na kitambaa changu, na duka langu, na watoto wangu. Sijawahi kumwamini mtu namna ile, kugeuza usukani kwa neno lake tu, huku kulia kwangu najua kuna bonde na sijui liko umbali gani. Kumi na tatu. Kumi na nne. Jasho lilikuwa linanitoka ndani ya koti wakati vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Baada ya kumi na saba akanyamaza.

"Vipi?" nikauliza.

"Hapa waliniwekea ubishi," alisema. "Wakubwa walitaka kupasua mwamba waende kulia. Mimi nilichora kushoto, nikawaambia mwamba ule utawaangukia. Nikahamishwa kabla hawajaamua. Sijui walifuata lipi."

Nikasimama. Sikuwa na jinsi. Vipimo akashuka, akawasha tochi ya simu akaiweka nyuma ya siti kwa ajili ya malori, kisha akaenda mbele kwa miguu. Alikuwa anatembea kwa kupapasa ukingo wa lami kwa kiatu, mguu mmoja kwenye lami, mmoja kwenye changarawe. Ukungu ukammeza. Nilibaki nimeshika breki, nikisikiliza kiatu chake. Changarawe, lami, changarawe. Nilimwomba Mungu lori lisije, na nilimwomba kwa sauti.

Sauti yake ikatoka mbele, upande wa kushoto.

"Walinifuata," alisema. Kisha akasema tena, chini zaidi, nadhani hakuwa ananiambia mimi. "Walinifuata."

Alirudi akapanda. Alinishika kiuno, nikasikia anavyopumua. Tukaenda kushoto, kumi na nane, kumi na tisa, na kwenye ishirini lami ikapanuka, nikaona taa za malori yaliyoegeshwa, saba au nane, yamepangwa kama ng'ombe kwenye zizi.

Madereva walikuwa wamekaa kwenye madumu wakisubiri ukungu uinuke, mmoja amechemsha chai kwenye jiko dogo. Walituuliza tumepandaje. Nikawaambia huyu bwana ndiye aliyeipima barabara hii, amenielekeza kona kwa kona. Wakacheka, wakadhani ni utani. Lakini mmoja wao, mtu wa makamo mwenye kikoti cha sufu, akamwuliza Vipimo kwa nini uwanja huu uko hapa na si kule juu kwenye tambarare, ambako ingekuwa rahisi kuujenga. Vipimo akamjibu kwamba ukungu wa bonde hili huanzia kona ya kumi na mbili, na kwamba aliuandika asubuhi kwa asubuhi kwa misimu miwili, na kwamba mtu akishapita ishirini hapati tena mahali pa kuegesha mpaka thelathini na tano. Alibishana na ofisi miezi minne kwa ajili ya uwanja huu, wakampa.

Yule dereva akanyanyuka kwenye dumu lake, akampa akae. Akasema amesubiri ukungu hapa miaka kumi na tisa. Alimpa chai yake mwenyewe, kikombe kikiwa bado kimejaa, akaenda kusimama karibu na lori lake akiangalia upande mwingine.

Karibu saa sita ukungu ukapanda. Nikamshika Vipimo mkono tukaenda kwenye vyuma vya pembeni. Barabara yote tuliyoipanda ilikuwa chini yetu, kona juu ya kona, mpaka bondeni. Yeye hakuweza kuiona yote kwa mara moja. Aliitazama kipande kipande, akisogeza kichwa taratibu kama anayesoma mstari, na alichukua muda mrefu sana. Sikumharakisha. Nilikuwa nashukuru kwamba niko hapo, mimi wa kuvika makochi, na kwamba kati ya watu wote aliowajua, wahandisi na madereva wa kweli, aliniletea mimi kofia.

"Imekaa," alisema mwishoni. Kisha akaongeza kwamba kalvati ya kona ya tisa wameiweka ndogo, mvua kubwa ikija watajuta.

Tulirudi salama, siku saba. Wiki ya tatu baada ya kurudi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na baada ya miezi miwili la pili. Shemeji alikaa naye hospitali, mimi nilipeleka mto niliomshonea wenye shimo katikati ili kichwa kisibingirike. Daktari alisema kilichopotea kimepotea, lakini presha imetulia na bomba limebaki kama lilivyo. Mtu akikaa mbele yake anamwona vizuri, mpaka mikunjo ya uso. Pikipiki yake alimpa yule mwuza mikate, ambaye alituma picha akiwa juu yake na kreti tatu. Mama wa chai yuko nyuma kwenye picha, amenuna, lakini si sana.

Vipimo hajutii. Anasema anachojutia ni kalvati. Mara mojamoja, nikiwa nimeinama na misumari mdomoni, hunikumbusha nilivyomsema pale kwa fundi wa baiskeli, na hunishukuru kwa maneno yale kuliko kwa kumbeba.

Kila miezi mitatu nampeleka kliniki kupimwa. Anakaa nyuma, nami namsimulia: kulia wamepaka duka rangi ya kijani, kushoto kuna harusi inapiga picha kwenye ngazi za benki. Njia ya moja kwa moja ni dakika kumi na tano. Sisi tunatumia saa nzima, na muuguzi wa pale mapokezi ameacha kutuuliza kwa nini tumechelewa.